Kelele za Kwenye Kona

"Irudishie kelele zake," dada yake alisema, na Fundi akadhani ni utani.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya injini iliyofunguliwa tumbo, oili imemfika viwikoni, tupa mkononi. Miaka yote aliyokaa pale gerejini watu walikuja na maombi ya kila namna. Walitaka eksozi ingurume, walitaka honi ya lori kwenye kipikipiki, mmoja alitaka taa za buluu kama za polisi. Lakini mtu kuja kuomba gia iliyotengenezwa iharibiwe tena, hilo hakuwahi kulisikia. Na aliyeomba si mteja wa njiani. Ni mdogo wake wa tumbo moja, yule waliyemwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu mdomo wake ulikuwa haupumziki.

"Kelele zipi?" aliuliza.

"Za pikipiki ya mume wangu. Irudishe ilie kama ilivyokuwa."

Fundi wa matairi, ambaye walipakana naye kibanda na ambaye maneno yake yalizidi viraka vyake, aliinua kichwa kutoka kwenye beseni alimokuwa akitafutia tundu la tyubu. Akasema makubwa haya, madogo yana nafuu, wake za wenzao wanaomba vitenge na huyu anaomba kelele. Fundi akacheka. Dada hakucheka. Alikuwa amejitanda mtandio mpaka shavuni, kichwa kakiinamisha, sikio la kulia kalitanguliza, kama ilivyokuwa kawaida yake siku hizi. Kaka yake aliichukulia hiyo kuwa ni madaha ya mke wa mtu.

Fundi huyu wa injini watu walimwita Kimya, na si kwa sababu alikuwa mtu wa kunyamaza. Jina alilipata kwa kazi. Gia ikitoka mikononi mwake, unaikanyaga na paka aliyelala juu ya tangi hafumbui jicho. Mafundi wengine wakiletewa pikipiki inayolia ikiingia gia, wanakaza waya wa klachi, wanabadilisha oili, wanakuambia Mungu ni mwema. Kimya alifungua mpaka ndani. Alitoa lile bakuli linaloshika pleti za klachi, akaligeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye kuta zake. Ugonjwa unakaa hapo. Pleti zikigongagonga kwa miaka zinachimba vijishimo kwenye ukuta, kisha zinanasa humo humo. Mwenye pikipiki anabana klachi lakini klachi haiachii, na gia inasukumwa ndani kwa mabavu kama mwizi anayeingizwa kwenye gari la polisi. Lazima ilie. Kimya alivipiga tupa vijishimo hivyo mpaka ukuta ukawa laini, na akiwa kwenye kazi hiyo hakutaka kusemeshwa hata na mama yake mzazi.

Sasa mume wa dada yake, msambazaji wa mikate, mtaa mzima ukimwita Bwana Mikate, alikuwa na pikipiki iliyokuwa aibu ya ukoo. Alitoka alfajiri na makreti yamefungwa nyuma kwa mipira, mchana keshamaliza, na baada ya hapo alikuwa mali ya chupa. Akirudi, kwenye ile kona ya mteremko juu ya nyumba yao, anapotakiwa kushusha gia, chuma kililia kraa, halafu ngo, kuku wakatawanyika. Watu walimcheka Kimya. Mganga hajigangi, walisema, shemeji yake anaendesha mashine ya kusaga. Maneno hayo yalimkera kuliko dhambi zake zote. Basi Jumamosi alimwita shemeji, akaifungua pikipiki, akapiga tupa, akaweka pleti mpya, akasema ni zawadi. Shemeji alipokanyaga gia iliingia bila kusema neno. Walikumbatiana, oili na unga wa mkate.

Na leo, wiki haijaisha, dada anasimama pale anataka zawadi irudi ilikotoka. Alimvuta kaka yake nyuma ya rundo la matairi mabovu, mbali na masikio ya yule mwenye viraka, akamweleza.

"Akiwa mzima anabana klachi, gia inaingia taratibu, inalia kidogo tu. Hapo najua, napakua chakula. Akiwa amelewa habani kitu, anakanyaga tu, na kelele yake naisikia kutoka kule juu konani. Natoka mlango wa nyuma naenda kwa Mama Jirani. Nakaa mpaka alale. Akiamka keshasahau alichokuwa amekasirikia." Alivuta pumzi. "Ndivyo ninavyoishi, kaka. Umemtengenezea, sasa anafika mlangoni mimi sijui kama kaja."

Tusimsingizie Kimya kwamba hakuelewa. Alielewa vizuri sana. Alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayekwenda kula karamu, kisha akasema yale ambayo watu husema. Ndoa ni kuvumiliana. Hakuna nyumba isiyofuka moshi. Ukae naye uzungumze naye akiwa ametulia. Na mama anasemaje?

"Mama anakula mkate wake," dada alisema.

Hapo Kimya alitazama pembeni. Ni kweli, kila asubuhi Bwana Mikate aliacha mkate mmoja wa moto mlangoni kwa mama mkwe na mwingine pale gerejini, na hakuwahi kukosa, hata siku za mvua. Wahenga walituambia kikulacho ki nguoni mwako. Kuhusu unachokula hawakusema kitu. Zamani kidogo Chiriku aliwahi kurudi nyumbani na sanduku lake, uso umevimba, na mama akasema mwanamume anayeleta mkate si mtu mbaya. Aliyelirudisha sanduku lile kwa mumewe ni Kimya mwenyewe. Alilifunga nyuma ya pikipiki vizuri kabisa, kamba haikulegea njia nzima.

"Basi legeza hata waya tu," dada alisema.

Kimya akamweleza kwamba waya ni kazi ya kitoto, mtu yeyote mwenye vidole anaukaza mwenyewe barabarani. Ili gia ilie kama zamani ni lazima afungue ndani na kuliharibu bakuli alilolisafisha. Alipofika hapo sauti ilimpanda, kwa kuwa jambo lenyewe lilimtia uchungu kweli, uchungu wa fundi, ambao ndio pekee aliouona siku ile.

"Niiharibu kazi yangu kwa mkono wangu? Watu watasemaje?"

"Watu," dada alisema. Alijifunga mtandio vizuri upande wa kulia, akapita katikati ya pikipiki zilizolazwa, akaenda zake. Fundi wa matairi alimuuliza kama kelele zinauzwa kwa kilo. Kimya alirudi kwenye injini yake akiwa na hasira na kila mtu.

Alhamisi Bwana Mikate alikuja gerejini mwenyewe. Ilikuwa mchana, makreti matupu, macho mekundu kidogo, roho safi. Alileta mikate miwili badala ya mmoja. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaanza kumsifu shemeji yake mbele ya wateja, na mtu huyo akisifu alijua kusifu. Pikipiki imekuwa kama kitanda. Inateleza. Anazima hata taa akitaka.

"Zamani nilikuwa nikifika konani mtaa mzima unajua baba kaja," alisema. "Sasa hata panya hawajui. Nafika mlangoni nawakuta walivyo."

Watu walicheka, na Kimya alicheka nao. Kicheko hicho alikianza yeye kabla ya wengine kwa sababu aliyekuwa akisifiwa ni yeye, na kilipofika katikati kikamkwama. Aliuliza, kwa sauti ya mzaha, amewakutaje.

"Juzi nimemkuta amekaa na huyo jirani yake wanapiga soga, jiko limezimika. Hakunisikia kabisa." Bwana Mikate alimega kipande cha mkate akakitia mdomoni. "Nimemfundisha kusikia."

Fundi wa matairi akasema ndiyo, wanawake wafundishwe, halafu mzaha ukahamia kwenye mambo mengine. Kimya alibaki ameshika spana. Mkate aliopewa ulikuwa bado laini, na alikuwa na njaa, na aliula. Hili nalisema kwa sababu baadaye yeye mwenyewe hakuweza kulisahau.

Jioni ile jua lilikuwa bado lipo aliposhuka mpaka kwa dada yake. Lango la mabati lilikuwa wazi. Alimwona uani, ameinama kwenye beseni la nguo, mgongo kwa lango, anafua. Akapiga hodi. Dada aliendelea kusugua. Akapiga tena, kwa sauti ya kuomba radhi, akamwita Chiriku. Dada alikamua shati, akalikung'uta, akachukua lingine. Hakugeuka.

Amenuna, Kimya alijisemea, na ana haki ya kununa. Angeweza kuingia hatua chache akamshika bega. Lakini ukweli ni kwamba mgongo ule ulimpa nafuu. Hakuwa na la kumwambia usoni, na mtu asiyekutazama hakuulizi. Alisimama kidogo, akaona damu iliyokaukia kwenye mtandio uliotundikwa kambani, upande mmoja, akajiambia huenda ni kutu ya waya. Akaondoka, na njia nzima moyo ulimwambia si kutu.

Kesho yake alikwenda gerejini ameamua. Kwa mwenzake wa matairi hakusema, maana ungemwambia yule ungekuwa umemtangazia mtaa. Bwana Mikate alipoleta mkate wa asubuhi, Kimya alimwambia kwamba klachi ikishatiwa pleti mpya oili ya kwanza haikai, lazima imwagwe, aipitishe mchana akimaliza mzunguko. Shemeji alikubali. Mtu aliyekutengenezea bure unamwamini.

Mchana akaiacha pikipiki, akaenda kwenye kilabu cha ng'ambo ya barabara kusubiri. Kimya akafungua mpaka ndani. Alitoa pleti mpya akazifunga kwenye gazeti, akaokota zile za zamani kwenye debe la vyuma chakavu, zimekauka na kupinda. Kisha akalibana bakuli kwenye jiliwa.

Kulainisha chuma alikuwa amejifunza tangu ujana wake. Kukiharibu hakuna aliyemfundisha. Aligeuza tupa akatumia makali yake ya pembeni, akakata shimo la kwanza kwenye ukuta alioulainisha kwa mkono wake siku chache nyuma, na sauti ya chuma ilimkata meno. Akakata la pili. Ilibidi yawe na kina, yalingane, la sivyo klachi ingeachia upande mmoja na kelele isingetoka vizuri. Akajikuta anaifanya kazi ile kwa ustadi, ulimi nje, jasho linamdondokea, anapitisha ukucha na kupima. Fundi wa matairi alimsemesha akamkaripia. Alipomaliza, lilikuwa bakuli baya kuliko lote alilowahi kulishika, na alijua ni kazi nzuri. Kwa mara ya kwanza wiki ile alijisikia kaka wa mtu.

Bwana Mikate alirudi na harufu yake. Akaipiga kiki, akabana klachi, akakanyaga. Ngo! Pikipiki ikaruka mbele kama punda aliyechomwa kijiti, nusura imtupe. Wateja waliokuwa wakisubiri waliangua kicheko. Fundi wa matairi, asiyejua kuacha, akasema shemeji karudi kwenye bendi yake, tulikuwa tumekosa ngoma.

"Umefanya nini?" Bwana Mikate aliuliza.

Kimya akasema ni oili mpya, itatulia ikizoea, aipe siku mbili tatu. Shemeji alimtazama. Halafu akawatazama wanaocheka, mmoja baada ya mwingine, na uso ukamjaa giza taratibu. Kuna watu wanaweza kubeba kreti kumi za mikate lakini hawawezi kubeba kicheko kimoja. Kimya alilijua hilo. Alikuwa analijua tangu siku ya posa, ila katika hesabu zake za shimo na kina alisahau kulitia. Ametengeneza king'ora, na king'ora chenyewe ndicho kimempandisha mtu hasira.

Bwana Mikate hakugombana. Aliondoka akipandisha gia kwa kukanyaga, kraa, kraa, na kila moja ikafuatwa na kicheko, mpaka akasimama tena kilabuni kutuliza moyo.

Kimya akajiambia heri hivyo. Kadiri atakavyokanyaga ndivyo kelele itakavyotoka. Chiriku ataisikia, atatoka mlango wa nyuma, mwisho wa habari. Lakini miguu yake haikuridhika. Alikata njia ya mkato kati ya nyumba, hata mikono hakuosha, akatokea juu kwenye kona ya mteremko. Kutoka pale unaona uani kwa dada yake kama unavyoona ndani ya sahani. Alikuwa pale pale, kwenye beseni, mgongo kwa lango. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na njia ya kwenda kwa jirani haikuwa na mtu.

Alisubiri. Alitaka kumwona akiinua kichwa. Hicho tu, ainue kichwa, na Kimya angerudi kazini.

Akaanza kuisikia kutoka mbali. Kazi yake ilikuwa inafanya kazi. Bwana Mikate alikuwa amelewa hasa sasa, hakugusa klachi hata kidogo, na pikipiki ilikuja ikisaga meno. Ikapita mbele ya Kimya bila dereva kumtambua. Pale konani, pale pale, mguu ukateremka kwa hasira zote za siku ile, na gia ikalia kraa ndefu iliyofanya mbwa wainuke kivulini na watoto waache mchezo wao. Kuku wakatawanyika. Mama Jirani akatoka mbio kwake, akafungua mlango wake wa uani wazi kabisa, akasimama kando kumpisha mtu, kama alivyozoea.

Chiriku alikuwa anasugua kola ya shati.

"Mbona hatoki?" Kimya alisema. Alisema peke yake, kisha akateremka akimpigia kelele Mama Jirani, amwite, mbona hamwiti.

Mama Jirani alimgeukia. Alikuwa mtu mzima, mwenye heshima zake, na hakuwahi kumtolea fundi yule neno baya.

"Namwita vipi?" alisema. "Hasikii. Sikio la kushoto lilikufa mwaka ule mlipomrudisha na sanduku lake. Hili la kulia kalimaliza juzi, aliponikuta nimekaa naye. Hata radi hasikii, baba."

Kimya alikimbia. Mteremko ulikuwa na changarawe, akateleza, akainuka, viganja vinatoka damu iliyochanganyika na oili. Alipiga kelele jina la utotoni, kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, na mtaa wote ukalisikia. Mbele yake, chini, pikipiki ilifika langoni. Ikaingizwa gia ya kwanza, ngo, kwa sauti ile ile aliyoikata kwa tupa. Injini ikazimwa. Bwana Mikate akashuka, akaegemeza mkono kwenye bati la lango, akapata usawa wake, akaingia.

Uani, Chiriku aliinua shati la mumewe juani, akalitazama kwenye kola, akaona doa bado halijatoka, akalirudisha kwenye maji.